Mwenzake wa Dawatini

Darasa la tano walikwenda kujifunza pamoja na wenzao wa shule ya jirani, ng'ambo ya mto. Tunu aliketishwa dawati moja na mwenyeji aitwaye Mwanawetu. Ncha ya penseli ya Tunu ilipovunjika, mwenyeji alimwazima ya kwake. Tunu aliigeuzageuza mkononi. Ilichongwa kwa kisu pande tatu, na mwishoni ilikatwa kijipete cha kufungia uzi, sawasawa na zake zote alizochongewa nyumbani.

"Nani kakuchongea?"

"Baba. Fundi makochi, Hemedi Kilongola. Huja kwetu kila Jumamosi."

Tunu aliacha kuigeuza penseli. Hilo ni jina la baba yake, na hiyo ndiyo kazi yake. Jumamosi huaga kwamba anafuata mbao. Au wako Kilongola wawili? Alimtazama Mwanawetu nyusi zake zilizokutana, kama za baba. Alitaka kucheka, machozi yakamlenga.

"Haya wageni," mwalimu alisema, "kila mmoja amtambulishe jirani yake. Tuanze na wewe, binti."

Tunu alisimama. Mwanawetu naye alisimama, akamshika mkono huku akitabasamu.

"Huyu," Tunu alisema, "huyu ni..."

Darasa zima lilimngoja.