Mgeni wa Chumba cha Mbele

Tangu bahari imeze magofu ya pwani, kila nyumba hupewa kitu kimoja cha kale ikitunze. Majirani walipata shanga na vigae tu. Bi Mize na mumewe Shebe walipata chungu kizima cha miaka mia tisa, wakakiweka chumba cha mbele, na wiki nzima Bi Mize alitembea mtaani kama aliyeozesha binti kwa sultani.

Kila mwezi afisa wa malikale, bwana mpole sana, alikuja na kipimo chake. Safari ya kwanza alisema mvuke wa wali unakidhuru chungu, basi jiko likahamia uani. Safari ya pili ikawa ni mikoromo ya Shebe. Shebe akabeba godoro lake hadi chini ya turubai uani, akasifu upepo wa nje. Safari ya tatu ikawa ni pumzi tu. Bi Mize akamfuata mumewe chini ya turubai, wakacheka kama maharusi.

Leo afisa alitoka ndani akitabasamu. "Hongera, mama. Hakuna nyumba inayotunza kama hii."

"Chungu si ndiye mgeni wetu?" alisema Bi Mize, akimmiminia chai kwa furaha.

Afisa alipoondoka tu, mvua ikaanza kunyesha na turubai likavuja.

"Mke wangu, kalete blanketi," alisema Shebe.

Bi Mize akakimbia hadi mlangoni, akavua kandambili, akainua mkono.

"Hodi," akaita taratibu, akasimama mvuani kungoja aitikiwe.