Washairi Waliorudi Kwao

Mji ule wa Ujerumani ulipokuwa ukiwafufua washairi wake wa kale, kila mfufuliwa aliruhusiwa kuingia nyumba aliyozaliwa. Ndipo Bi Mwanakheri wa Tanga, mpangaji wa nyumba mojawapo, alipowakuta washairi wawili ndugu, wenye mawigi, jikoni mwake, wakiighania mashine ya kufulia beti ili jini walilodhani limo ndani litulie.

"Tokeni! Mnaingia kwa watu bila hodi, hamna haya?"

"Tumezaliwa hapa, mama," walijibu, wakicheka.

Kufa wafe wao, usumbufu apate yeye! Akamgeukia bintiye, Saumu, aliyeinamia daftari. "Na wewe unaandika nini?"

"Shairi. Wasioandika hawafufuliwi." Saumu akamsogezea kalamu, machozi yakimlengalenga. "Andika na wewe, mama. Nikifufuliwa nikarudi, nitamkuta nani?"