Sharti la Bi Chura

Zamani, dimbwi la Bi Chura lilipokuwa jipya, mwenyewe aliweka sharti kwa kupenda usafi: mgeni yeyote afute miguu kwenye nyasi kabla ya kugusa maji. Maji yaling'aa kama kioo, lakini kila masika viluwiluwi wake walikufa kwa jua na njaa. Hapakuwa na jani la kuwafunika wala kitu cha kutafuna.

Siku moja mvua ya mawe ilimfukuza Batamaji, akatumbukia dimbwini bila hodi, miguu imejaa matope ya mto wa mbali.

"Umenichafulia nyumba, shoga," Bi Chura alifoka.

"Niwie radhi, bibi. Mvua hii haikunipa nafasi."

Batamaji akaruka zake kwa aibu. Matope yakabaki, na ndani yake mlikuwa na mbegu za yungiyungi na mayai ya konokono. Yungiyungi likaota penye kina kifupi, konokono wakajichagulia mawe. Bi Chura alizunguka amenuna, akitafuta la kufagia, mpaka alipochungulia chini ya jani akawakuta wanawe, wazima, wanono, wakila ukoga wa mashina.

Masika yaliyofuata Batamaji alitua kwenye nyasi, akaanza kufuta miguu kwa bidii.

"Usifute, dada yangu," Bi Chura alisema. "Ingia hivyo hivyo. Na ukiondoka, kanyaga matope yangu uende nayo. Sahani ya jirani hairudi tupu."