Mtoto Analia Wapi

"Mtoto analia wapi?" aliuliza fundi wa sauti.

Mzimamoto, ambaye wenzake walimwita Mama Ngazi, alikaa katikati ya chumba kisichopitisha kelele, vipokea sauti vimembana masikio. Ndani ya vipokea sauti hivyo, nyumba ya kubuni ilikuwa ikiungua: mbao zinapasuka, maji yanapiga ukuta, mtoto analia. Kazi yake ilikuwa kuonyesha kwa kidole kilio kinakotokea.

Akanyoosha kushoto.

"Sawa. Tisa mfululizo, dada. Bado moja, nikutilie saini urudi kazini."

Lakini tangu mtungi wa gesi ulipuke karibu naye, sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa, na hakumwambia mtu. Kila kilio kilimjia upande wa kulia. Macho ya fundi yalifuata nukta iliyoonyesha upande wa kilio kwenye kompyuta, naye Mama Ngazi akafuata macho ya fundi.

Mwezi uliopita, ndani ya moshi mzito, alimpeleka mwenzake upande usio sahihi. Mikono ya yule kaka ingali kwenye bendeji.

"Haya, ya mwisho."

Jasho lilimchuruzika chini ya mpira wa vipokea sauti, likamwingia shingoni. Akafumba macho.

Mtoto akalia. Mama Ngazi akanyoosha mkono wa kulia, akaushikilia hewani.

Fundi akatazama nukta: ilikuwa kushoto. Kisha akaweka kalamu mezani.

"Dada," alisema taratibu, "tuanze upya?"

"Tuanze," alijibu, bila kufumbua macho.