Wimbo wa Kicheche

Skelby Town walikuwa wameshafungwa mabao mawili nyumbani kwao, mvua ikiwapiga ubavuni, na jukwaa la mashariki likaanza tena kumwimba Kicheche.

Norman Sugden, kocha, alisimama kwenye mstari mikono mifukoni, akajifanya hasikii. Matusi alikuwa ameshayazoea. Wimbo ule ndio uliomkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kicheche alikuwa kiungo wa Skelby miaka ishirini nyuma, wakati timu ilipopanda madaraja mawili mfululizo. Walimwita hivyo kwa sababu alikuwa mfupi, mbishi, na akishauma haachii. Kila mtu mjini alikuwa na Kicheche wake. Kinyozi alimuona akifunga kutoka katikati ya uwanja. Mwenye duka la samaki na chipsi alimuona akipasuka kichwa, akafungwa kitambaa, akarudi kucheza. Norman aliwasikiliza wote, akaitikia kwa kichwa, na ndani akaungua. Katika mji mzima, yeye peke yake hakuwahi kukaa jukwaani akamtazama Kicheche akicheza.

"Sugden," aliita mzee Walter Ibbotson, ambaye kiti chake kilikuwa nyuma ya benchi tangu enzi hizo. "Kicheche kwa mguu mmoja angewapita hao vijana wako."

"Kicheche hayupo, Walter," Norman alijibu bila kugeuka.

"Ndicho tunacholilia."

Watu wakacheka. Jumatatu ile mwenyekiti alikuwa ameliambia gazeti la mji kwamba ana imani na kocha wake asilimia mia moja, na hakuna mtu wa mpira Uingereza asiyejua maana ya maneno hayo. Ukiambiwa hivyo, anza kufungasha. Leo ilikuwa ashinde, au kibarua kiote nyasi.

Hata nyumbani hakupona. Janice, mkewe, alianza kwa kumpenda Kicheche. Alikuwa msichana wa kiwanda cha mazulia, na kila Jumamosi alipanda jukwaani na wenzake kwa ajili ya yule kiungo tu, matokeo hakuyajali. Wiki iliyopita Norman alimkuta chumbani ameshika picha ya Kicheche, tope hadi magotini, meno yote nje.

"Bado unamtazama huyo?" akamuuliza.

"Alikuwa ananichekesha." Janice hakuificha picha.

"Na mimi?"

"Wewe unapanga chupa za chumvi mezani, mpenzi, kisha unazigombeza kwa nini hazikurudi kukaba."

Norman alitoka nje, akaosha gari lililokuwa safi.

Kipindi cha pili aliwabadilisha viungo wote wawili. Mpira ulipopita mbele ya benchi, mguu wake wa kulia ulipiga hewa bila yeye kuuagiza, na wachezaji wa akiba wakatazama pembeni kwa adabu. Dakika ya sabini Skelby wakapata bao moja, la kichwa, baada ya kona. Wimbo ukakatika. Kwa dakika kumi na moja hakuna aliyemtaja Kicheche. Waliwaimba vijana waliokuwa uwanjani, na sauti moja, labda ya mlevi, ikasema Sugden naye si mbaya. Norman alihisi joto likimpanda shingoni kama mtu aliyetongozwa.

Kisha beki wake akateleza, wageni wakafunga la tatu, na Kicheche akarudi midomoni mwa watu kwa nguvu zaidi ya mwanzo.

Ofisini, mwenyekiti Pickersgill alimimina chai kwa mkono wake mwenyewe. Norman alipoliona hilo hakuhitaji kuambiwa zaidi, lakini aliambiwa. Kwamba ni mtu mwaminifu. Kwamba hakuna anayefika mapema kazini kama yeye. Kwamba kufundisha ni kipaji, na kipaji hakigawiwi kwa haki.

"Nikuulize kitu," Norman akasema. "Angekuwa Kicheche anakaa kwenye kiti hiki, ungemfukuza?"

Pickersgill alikoroga chai yake muda mrefu. "Kicheche hafukuzwi na mtu hapa Skelby. Wangenichoma moto nikiwa ndani ya gari. Lakini mimi naongea na kocha."

Norman akaweka funguo za uwanja mezani. Miaka sita ya kuamka gizani, ya kuchora mishale kwenye karatasi, ya kutamani watu hawa wamwimbe kwa kazi hii japo mara moja, iliishia pale, kando ya sahani ya biskuti.

Mwenyekiti akatazama saa, akakohoa. Alisema kwa aibu kwamba ile shughuli ya getini haiwezi kuahirishwa, meya ameshafika. Mashabiki walikuwa wamechangishana miaka mitatu ili Kicheche atengenezewe sanamu ya shaba, na leo ndiyo siku ya kuifunua. Norman akasema anajua. Akavaa koti.

Getini alimkuta Janice akimngoja na mwavuli. Watu wale wale waliomzomea nusu saa iliyopita walikuwa wamevua kofia kwenye mvua. Walter Ibbotson alikuwa akifuta macho kwa skafu. Mbele yao palisimama kitu kirefu kilichofunikwa turubai, na Norman akakitazama kama mume anavyomtazama mgoni wake.

Pickersgill akashika kipaza sauti. Alisema machache kuhusu zamani, kisha akamwomba Kicheche mwenyewe asogee mbele avute kamba.

Makofi yakalipuka, watu wakapandishana mabegani ili waone. Norman Sugden akamwachia mkewe mwavuli, akaenda kuivuta kamba.