Koti la Nne

Koti lilikuwa limelala kifudifudi mezani, na Adolphe hakuthubutu kuligusa.

Lilikuwa lenyewe. Jinzi nyeusi, radi ya njano mgongoni, na chini yake RADI POSSE kwa herufi kubwa za kujidai. Bader, aliyegeuza duka la vitambaa la marehemu baba yake pale mtaa wa Asiatique kuwa makumbusho ya muziki wa vijana wa zamani, alikunjua kola kwa vidole vilivyovaa glavu. Ndani palidariziwa jina: GAËL.

"Ni yake, Muzee?"

"Ni ya mutoto wangu," Adolphe akasema.

Ukutani, nyuma ya kioo, yalining'inia makoti matatu ya wenzake Gaël katika kundi lao la muziki. Moja lilirudi kutoka Ubelgiji, mawili yalitolewa na familia. Nafasi ya nne ilikuwa tupu, na Adolphe alikuwa akija kuitazama kama wazee wengine wanavyokwenda makaburini. Yeye hakuwa na kaburi la kwenda. Siku zile za vita mwanawe alitoka nyumbani Kamenge asubuhi, koti mwilini, kofia ameigeuza nyuma mbele, na hakuonekana tena. Neno la mwisho alilolisikia kwa baba yake lilikuwa, "Vua hiyo nguo ya wahuni!" Neno hilo lilimtafuna mzee miaka karibu thelathini.

Mkewe, Léoncie, hakuwahi kumlaumu. Kila Adolphe alipokata tamaa, akasema sasa waende parokiani wamsomee mtoto misa ya wafu, mama alimkatiza. "Apana. Alitoka na koti yake, atarudi na koti yake." Kisha akainamia sindano yake. Hakuna nguo iliyochakaa mikononi mwa Léoncie. Kila alipomaliza kuziba tundu alifunga uzi kwa msalaba mdogo, eti Mungu naye ashike upande wake. Hata shati alilovaa Adolphe leo lilikuwa na msalaba huo kwenye kiwiko, wa mwisho, maana Léoncie alizikwa kabla mvua hazijaanza. Matanga yalipovunjwa, wamama wa kanisa walikuja kuchukua nguo za marehemu kwa ajili ya maskini. Adolphe hakuwa na moyo wa kufungua sanduku lake la bati. Aliwapa hivyo hivyo, na kufuli yake.

Laiti angekuwepo leo! Hilo ndilo lililomuuma.

"Nani aliileta?" akauliza.

Koti halina miguu. Likifika mahali, kuna aliyelibeba, na aliyelibeba anajua kalitoa wapi. Mfa maji haachi kutapatapa, na Adolphe alikuwa ametapatapa mpaka mikono ikachoka.

Bader alimwonyesha mwanamke aliyekaa kando ya mlango. "Ni huyu Mama Caritas. Anauzishaka nguo za zamani kule Kamenge."

"Kamenge? Kwetu?" Moyo wa mzee ukaruka. Kumbe Gaël alipita karibu hivyo! Labda ana njaa, labda aibu ya kubisha hodi imemshinda, akaona auze koti kwanza. "Mama, ni mwanaume murefu? Anatembea kama mutu anacheza? Ni yeye alikuuzishia?"

Caritas alimtazama kwa huruma. "Apana, Papa. Mi niliinunua kwa wamama wa kanisa. Watu wanawaleteaka nguo, wao wanatuuzishia, ile pesa inasaidia maskini."

"Basi wao walimuona!"

"Sijui, Papa. Mi sikuuliza."

Adolphe alikuwa ameshasimama, anatafuta fimbo yake. Wamama wale anawajua, wengine ni majirani. Wangemwambia ni nani, amevaa nini, ameelekea upande gani. Alicheka peke yake, cheko ambalo nyumba yake ilikuwa imelisahau.

"Léoncie," akanong'ona, "mutoto amerudi na koti yake."

"Ngoja kwanza, Muzee," Bader akasema kwa upole. "Iko na tundu mbele. Sitaki uione mara ya kwanza siku tutaipandisha ukutani mbele ya watu wengi."

Akaligeuza koti.

Tundu lilikuwa upande wa moyo, dogo, la duara, na kulizunguka kulikuwa na doa ambalo sabuni ilishindwa kulimaliza. Lilikuwa limezibwa zamani, kwa mkono usio na haraka, na mwisho wa uzi ulifungwa kwa msalaba mdogo.

Vidole vya Adolphe vilipanda vyenyewe mpaka kwenye kiwiko cha shati lake, vikaanza kuupapasa msalaba mwenzake.