Nusu ya Mataruma

Ikupa alichora mstari wa majivu mpaka katikati ya uwanja, akasimama hapohapo. Hata hatua moja hakuongeza. Nusu ya pili haikuwa yao.

Uwanja wenyewe, huo wa Ihanda, siku hizi wachezaji wake ni mbuzi. Lakini zamani timu mbili ziliugombea, na kila moja iliuita wa nyumbani: Mataruma, timu ya vijana wa reli, na Buni, timu ya wakulima wa kahawa. Wakapatana hivi: kila Jumamosi kila timu ichore nusu yake, kwa majivu yake. Timu isiyochora, imehama. Miaka ikaenda, timu zikafa, wachezaji wakaondoka mmoja mmoja, wakabaki vichwa vigumu wawili: Wiliam, kipa wa Mataruma, ambaye ndiye baba yake Ikupa, na Danford, mshambuliaji wa Buni. Wakaendelea kuchora tu, kila mtu kwake, huku wakitukanana kwa raha zao.

Ugomvi wao ulikuwa mmoja. Fainali ya mwaka 86, Danford alipiga kichwa, Wiliam akaudaka mpira. Danford akasema ameudakia ndani ya goli. Wiliam akasema nje. Goli halikuwa na nyavu, refa alikuwa mbali, kombe likaenda reli. Tangu siku hiyo Danford akaitwa mwongo, mpaka na watoto wadogo.

Mwaka jana Wiliam alifia Tunduma, nyumbani kwa Ikupa, wakaenda kumzika kwao Mbebe, huko Ileje. Kabla hajakata roho alimshika mwanawe mkono.

"Danford asijue," alisema. "Tumebaki wawili tu. Akijua sipo, hamalizi mwezi."

Kisha akaongeza: "Na lile goli liliingia. Mwambie."

Haya, sasa hapo Ikupa afanyeje? Wiliam akiwa hai asingelikubali goli lile hata kwa mtutu wa bunduki. Danford akisikia tu kwamba limekubaliwa, angejua mwenzake keshaaga dunia. Basi Ikupa akalimeza neno la baba yake. Kila Jumamosi akawa anafunga mgahawa wake wa madereva wa malori, anapanda basi na ndoo ya majivu ya mkaa, anakuja kuchora.

"Baba miguu imemgomea," alisema siku ya kwanza. "Kanituma mimi."

Upande wa Buni alichora Enesi, binti yake Danford, kwa majivu ya maganda ya kahawa. Mzee wake naye alikuwa hatoki tena, kifua kinambana. Yumo ndani, Enesi alisema, nyuma ya pazia la nyumba ile pale, anawaona. Ikawa wao ndio wanaobeba matusi ya wazee.

"Mtani, baba anasema mstari wenu umepinda kama miguu ya beki wenu," Ikupa alisema Jumamosi moja. Tusi hilo alikuwa amelitunga kwenye basi.

Enesi aliingia ndani, hakukawia, akatoka ameziba mdomo kwa kitenge.

"Anasema mwambie huyo kipa wa mikono ya mlenda arudishe kombe letu!"

Walicheka mpaka wakakaa chini. Jamani, Ikupa alimpenda Enesi kwa hayo. Hata mwezi wa sita, Enesi alipopotea Jumamosi mbili na jirani akawachorea ovyo ovyo, alirudi amekonda, amejifunga kilemba, akisema ni malaria. Na siku hiyohiyo akaleta tusi jipya la mzee.

Lakini wiki hii moyo wa Ikupa haukutulia. Mzee ana miaka sabini na ushee, kifua kibovu. Je, akifa bado anaitwa mwongo? Potelea mbali, aliamua. Atamwambia mwenyewe, sikioni, amshike mkono wakati anamwambia. Aliposhuka kituoni, mama mmoja muuza parachichi alimwambia, "Pole, dada." Akajibu ameshapoa, akidhani anapewa pole ya ndoo.

Sasa alikuwa amemaliza kuchora. Akamfuata Enesi, aliyekuwa bado anacheka tusi la siku hiyo.

"Mtani, leo nataka kumwona mzee."

Enesi akaacha kucheka. "Amelala."

"Nitamsubiri aamke. Nina neno lake kutoka kwa baba."

"Niambie mimi, nimpelekee kama siku zote."

"Hili halitumwi, Enesi. Nitamwambia mwenyewe."

Enesi akaweka ndoo chini, akamshika mkono. Hawakuingia ndani. Walizunguka nyuma ya nyumba, wakapita katikati ya mibuni, wakatokea kwenye kaburi la saruji lenye msalaba. Juu yake liliandikwa jina la Danford, na tarehe ya mwezi wa sita. Mstari wa majivu ya kahawa ulilizunguka pande zote, umenyooka vizuri.

Ikupa alianguka kwa magoti. Alilia kwa sauti, akalia kama alivyolia Mbebe, na neno la baba yake likabaki kooni, halina tena pa kwenda.

Enesi alipiga magoti kando yake, akamfuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Nakuomba sana, mtani, mzee Wiliam asijue," alisema. "Baba aliniapisha. Alisema wamebaki wawili tu, na Wiliam akijua hayupo, hamalizi mwezi."